Upande wa Dereva

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mambo ni mazito. Jioni nilijifungia chumbani nikasingizia hesabu, kisha nikabana sikio ukutani. Nimesikia karibu yote. Bibi alikuwa anakohoa.

Jumamosi asubuhi meneja wa hoteli mpya anakuja uani kwetu kuangalia magari mawili, letu na la Jirani. Anataka gari la kubebea wageni wake, pamoja na dereva wake, kazi ya kudumu. Baba akiikosa, gari linauzwa kwa mjomba na yeye anarudi kuendesha lori la masafa marefu. Aliwahi kuifanya kazi hiyo nilipokuwa mdogo. Akirudi nyumbani nilikuwa najificha nyuma ya sketi ya Mama nikiuliza huyu ni nani. Mama husimulia kisa hicho kama kichekesho. Baba huwa hacheki.

Sitaki kumsahau tena.

Adui ni gari la Jirani. Jeupe, nadhifu, limekaa kama muuguzi wa zamu. Kibaya zaidi, Jirani ana mwana, na tuko darasa moja. Watu humwita Sharubu kwa sababu ya vinywele vichache vilivyoota juu ya mdomo wake, ambavyo anavilea kwa upendo. Huosha gari la baba yake huku akipiga mluzi. Mimi ananiita Maktaba. Nadhani ni tusi.

Letu ni jeusi na limekula chumvi. Baba huliosha kwa maji na sabuni ya kufulia, basi. Anasema gari ni kama uso, ukilipaka mno watu wataanza kuuliza unaficha nini. Simbishii. Mwezi uliopita niliazima kitabu cha utunzaji wa magari shuleni. Hakuna aliyewahi kukiazima. Kurasa zilikuwa bado zimegandana. Kina sura nzima kuhusu nta na silanti. Silanti ni dawa ya majimaji. Unaipaka juu ya rangi, inakauka, inakuwa ngozi nyembamba ngumu inayong'aa kama kioo. Nta inafuata juu yake, kuipa rangi kina.

Nitafanya yote kwa siri. Ukimwambia mtu mpango wako atakuuliza maswali, na mimi nikiulizwa maswali hutokwa jasho.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kitabu kinasema silanti haishiki juu ya nta ya zamani. Ondoa kwanza yote. Tumia sabuni ya kuoshea vyombo.

Nimetumia chupa nzima. Mama ameitafuta jioni kwa muda mrefu, nami nikamsaidia kuitafuta.

Kumbe nta ya zamani ilikuwa na kazi. Ilikuwa imefunika mikwaruzo yote ya maisha ya gari hili, na sasa imeondoka, mikwaruzo imebaki nje mchana kweupe. Boneti imepauka. Milango inafanana na ubao wa darasani uliofutwa kwa kiganja.

Baba ametoka na kikombe chake cha chai. Ameliangalia gari mpaka chai ikaacha kutoa mvuke. Akasema limechoka, kama mwenyewe. Akacheka kidogo. Mama, aliyekuwa dirishani, hakucheka.

Nilitaka kumwambia ni mimi. Nikamuuliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Halafu kichwa cha Sharubu kikachomoza juu ya ukuta unaotutenganisha nao. Akauliza kama nimetumia sabuni ya vyombo, maana inaonekana. Nilimjibu kwa kuchukua ndoo na kuingia ndani. Sasa adui anajua tuko dhaifu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Bahati! Nimepata silanti. Ilikuwa ndani ya buti, chini ya tairi la akiba. Baba alipewa zawadi na abiria mmoja, hajawahi kuifungua. Chupa ndogo, maandishi madogo zaidi. Inasema upake kidogo sana.

Baba alikwenda kinyozi. Nikaanza kazi. Hapa ndipo elimu ilipoingia. Mwalimu wetu wa kemia amesema mara nyingi kwamba jaribio lisilo na sehemu ya kulinganishia si jaribio, ni uvumi. Yaani ukipaka dawa kila mahali, utajuaje kama ni dawa iliyofanya kazi? Kwa hiyo nilipanga hivi: boneti, paa, buti na upande wa dereva vipate dawa. Upande wa abiria usiguswe kwanza. Nikaweka selotepu mipakani. Nikajiona msomi.

Sikupaka kidogo sana. Kidogo sana ni ushauri wa watu ambao baba zao hawaendi kwenye lori. Nilipaka, nikafuta, nikapaka tena. Na jamani, upande wa dereva ulivyokuwa! Niliona ukuta wetu ndani yake, na kamba ya nguo, na uso wangu, na chunusi ya kidevuni ambayo sikujua kama inaonekana hivyo kwa watu. Jaribio limefaulu. Nikabandua selotepu, nikaishika chupa kwenda upande wa abiria.

Chupa ilikohoa.

Niliitikisa. Niliikata kwa kisu. Niliikwangua kwa kijiko. Hakuna. Upande wa dereva ni bwana harusi, upande wa abiria ni mfiwa.

Nikiwa bado na kijiko mkononi, lango likalia. Baba! Nikakaa juu ya chupa.

Kumbe Mungu hajanitupa. Baba huegesha gari ubavu wa abiria ukiwa karibu na ukuta, na maisha yake yote hupita upande wa dereva tu. Akasimama. Akagusa mlango kwa kidole kimoja. Akauliza nimefanya nini. Nikasema nimeosha. Akauliza kuosha tu? Nikasema kuosha sana.

Amesema hataliendesha tena mpaka Jumamosi, lisiingie vumbi. Kisha ameingia ndani akiimba. Mama ametoka jikoni kuja kuhakikisha ni yeye.

Kwa hiyo Baba ana furaha, na hajui. Nimeshindwa kula.

Jumatano hiyohiyo, nyongeza

Nimekula kidogo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mpango wa pili: nta. Silanti imekwisha, lakini ndani ya buti kulikuwa pia na kopo la nta ya zamani, imekauka na kupasuka kama tope. Nimeilainisha kwenye sufuria ya maji ya moto. Mama ameniuliza napika nini. Nimesema nta. Akadhani ni utani, akaendelea na shughuli zake. Ukweli ukisemwa kwa sauti ndogo hauna madhara.

Nafasi kati ya gari na ukuta ni ya paka. Nilijipenyeza kiubavu, nikapaka nta mlango wa mbele, mlango wa nyuma, hadi kwenye taa. Jua la alasiri lilikuwa linapiga upande huohuo. Bati lilikuwa la moto kiasi cha kukausha nguo. Kitabu kinasema iache nta ikauke kidogo kabla ya kuifuta, basi nikaenda kusoma sura inayofuata wakati nasubiri.

Sura inayofuata inasema usipake nta juani kamwe.

Nilirudi mbio. Ilikuwa imeganda kama lipu. Nimefuta mpaka vidole vimepoteza hisia. Inatoka vipande vipande na kuacha mabaka meupe, visiwa vingi juu ya bahari nyeusi. Mwanzo upande huu ulikuwa umepauka. Sasa umepauka na una ramani.

Juu ya kichwa changu, sauti. Sharubu tena, viwiko juu ya ukuta. Kutoka kwake anaona upande mbovu wote, na ndio upande pekee anaouona.

"Maktaba, nta umeipaka juani."

Nikaendelea kufuta.

"Nina silanti imebaki, karibu chupa nzima. Nikurushie?"

Nilifikiri haraka. Gari lake linashindana na letu. Adui gani anampa mwenzake silaha? Chupa ile ina kitu, asidi labda. Au anataka nikubali ili aende kusimulia. Nikakusanya ujasiri wangu wote, nikauambia ukuta, maana kumwangalia siwezi, kwamba hapana, asante, ndivyo tunavyolitaka liwe.

Akasema haya, akashuka.

Sasa ana siri yetu. Akimwambia baba yake, baba yake akamnong'oneza meneja, Baba anapanda lori.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimekaa darasani siku nzima nikiangalia kisogo cha Sharubu. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwomba asiseme. Mapumziko nilimfuata hadi bombani. Akageuka. Nikanywa maji.

Nyumbani hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kila mtu ana matumaini. Baba amenyoosha shati lake jeupe mwenyewe, akalinyoosha tena. Amesimama mbele ya kioo anafanya mazoezi ya kusema karibu sana. Ameniita. Ameniuliza kwa dhati kama akicheka aonyeshe meno au afunge mdomo.

Tulikuwa wawili tu. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo.

"Meno kidogo," nikasema.

Akashukuru. Akasema tangu aone gari lilivyong'aa ameanza kulala usingizi. Akasema bila mimi angekuwa ameshakata tamaa. Nikaenda chooni nikakaa huko mpaka Bibi akagonga.

Bibi amegundua. Hushinda uani na macho yake ni mazima kuliko anavyotuambia. Aliniona nikitandaza mashuka mabichi kwenye kamba upande ule wa ukuta, ingawa hayakuwa yamechafuka. Akaninong'oneza, "Mjukuu wangu, huko nyuma umeficha gari au umeficha mwizi?"

Nikamwonyesha. Akachungulia, akavuta pumzi, akasema heri angekuwa mwizi, tungemtoa akakimbia.

Lakini ni mtu wangu. Kesho ataweka kiti chake penye ule mwanya na hatatoka, kwa sharti apewe mto wa kukalia. Meneja atatazama upande wa dereva, boneti, buti. Mbele mashuka, nyuma Bibi. Mpango hauna tundu.

Nimeuangalia tena. Hauna.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nitaandika kwa utaratibu, tangu mwanzo.

Meneja alifika mapema. Mwanamke mfupi, viatu visivyojua vumbi, haongei bila sababu. Alianza kwa Jirani. Nilipanda juu ya ndoo nikachungulia. Alilizunguka lile jeupe, akakaa ndani, akatoka, akatikisa kichwa kukubali. Jirani akampa mkono. Moyo wangu ukashuka hadi kwenye ndoo.

Kisha akaja kwetu. Baba, meno kidogo, karibu sana. Meneja akasimama mbele ya mlango wa dereva, akainama, akaona uso wake. Akarekebisha kilemba chake pale pale, kwenye mlango wa gari letu! Akamuuliza Baba gari lina umri gani, akakataa kuamini. Mama alikuwa ameshikilia nguzo ya kibaraza. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, amejaa kwenye mwanya kama kizibo.

Niliwaza tumeshinda. Nilikuwa naanza kupumua.

"Mgeni wangu hapandi upande wa dereva," Meneja akasema. "Litoe hapo ukutani nione mlango wake."

Baba akasema bila shaka. Bibi akasema miguu imekufa ganzi. Baba akamsihi, mama tafadhali, dakika moja tu. Bibi akaniangalia. Nikaangalia viatu vyangu. Akainuka polepole sana, akauchukua na mto wake.

Gari likawaka. Likasogea mbele, likapita chini ya mashuka, likageuka katikati ya ua. Upande wa abiria ukatoka juani na visiwa vyake vyote.

Baba alishuka akiwa bado anatabasamu, akazunguka, akaona. Nilimtazama akiona. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilisahaulika usoni.

Meneja akauliza nani amefanya kazi hii.

"Gari ni langu," Baba akasema. "Niulize mimi."

Hapo kitu kikanisukuma. Sijui kama ni ujasiri au ndoo iliyoteleza, lakini nilijikuta mbele yao na nikasikia sauti yangu ikisema kwamba ule ni upande wa kulinganishia. Nikaeleza. Nikaeleza kuhusu jaribio na uvumi. Nikaeleza tofauti ya silanti na nta. Nilishindwa kunyamaza. Nadhani niliwataja hata nyuki, ambao hutoa nta. Juu ya ukuta Sharubu alikuwa amefumba macho kama mtu anayeomba dua.

Meneja alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Baba.

"Mzee, nilikuja kuchukua magari mawili. Nimepata moja na nusu."

Mawili!

Nikawatazama wote. Jirani hakushangaa. Mama hakushangaa. Baba alikuwa anajua tangu Jumatatu. Kila mtu katika ua ule alijua hoteli inahitaji magari mawili, isipokuwa mtu mmoja aliyepata habari zake kupitia ukuta na kikohozi.

Meneja amesema atapita tena Jumatatu asubuhi. Akikuta gari moja zima, Baba anaanza kazi. Akikuta hivi, atatafuta dereva mwingine, na asilaumiwe.

Alipoondoka nilisubiri nifokewe. Baba aliniuliza jambo moja tu. "Kwa nini hukuniambia?" Nikaanza kulia. Akakunja mikono ya lile shati lake jeupe, akatoka langoni, akaenda kwa Jirani kuomba silanti.

Akaomba tu! Hakuficha, hakuzunguka. Alirudi kabla sijamaliza kujifuta machozi, yuko na Sharubu, chupa na vitambaa safi. Sijaona mbinu hiyo katika kitabu chochote.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Jana mchana tuliingiza gari chini ya banda la Jirani, kwenye kivuli. Tuliosha visiwa mpaka vikatoka, tukakausha, tukapaka silanti. Baba alishika chupa yeye mwenyewe. Mimi nilipewa kazi ya kushika kitambaa. Kidogo sana, alisema kila nilipomkaribia. Kidogo sana.

Chupa inasema dawa isiguswe na maji mpaka kesho yake. Tulipoisoma sentensi hiyo, kukawa na ngurumo.

Mvua ilikuja alasiri, ya upepo. Banda la Jirani lina matundu, na tundu moja lilikuwa juu kabisa ya mlango wa abiria. Tone la kwanza lilipita karibu na kioo. Jirani alikimbilia mwavuli. Baba akachukua karatasi ya nailoni. Mama na Bibi wakaleta mabeseni. Tulisimama tumelizunguka gari lile kama wauguzi, kila mtu anafuatilia matone kwa macho. Kila upepo ulipobadilika tulihama sote pamoja. Baba alibadilisha mkono wa kushikia nailoni lakini hakuishusha. Nilimtazama, maji yakimtiririka shingoni, nikawaza lori. Sikuweza kuwaza kitu kingine.

Sharubu alikuwa kando yangu na beseni. Bila kuniangalia, akasema ananiita Maktaba kwa sababu nimesoma kila kitu, na kwamba amekuwa akitaka kuniomba kitabu kile cha magari tangu mwezi uliopita, ila nikimwona nakimbia.

Nikatafakari jibu lenye uzito.

"Sawa," nikasema.

Mvua ilikatika giza likiingia. Mlango ulikuwa mkavu. Leo tumeukodolea macho siku nzima na hatujaugusa.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Amekuja. Alizunguka gari akarudia kuzunguka. Akafungua mlango wa abiria, akakaa nyuma, akafunga. Alikaa humo muda mrefu. Baba alikuwa amekauka kama nguzo. Mama alikuwa hapumui, nilimwangalia.

Meneja akashusha kioo, akamwambia Baba, "Nipeleke kazini."

Baba akampeleka! Na jioni akarudi. Alirudi tu, kama watu wote, akavua viatu mlangoni, akauliza kuna chakula gani. Mama alimwambia kipo na akageukia ukutani akajifuta uso. Mimi nilimkumbuka Baba mara moja, bila kuuliza ni nani.

Baada ya kula, Baba aliniweka chini. Akasema nina akili na nina moyo, ila nina ugonjwa wa kufanya mambo kimyakimya. Akataka nimwahidi kwamba nikiwa na wazo nitasema kwanza. Nimeahidi kwa moyo wote. Nimebadilika. Naandika hapa ili iwe ushahidi.

Nimekitoa kitabu ili nimpelekee Sharubu kesho, nikaona kuna sura ya mwisho ambayo sikuifikia. Inasema nta na silanti hufunika tu mikwaruzo. Kuiondoa kabisa kunahitaji mashine, ile yenye kichwa cha duara kinachozunguka. Kuna picha yake. Na mashine ile naijua! Seremala wa kona anayo, hasa hasa hiyo, ila ya kwake imevikwa msasa. Anaipitisha juu ya mbao zenye magamba, na zinatoka laini kama mashavu ya mtoto. Kama inaweza mbao, rangi ya gari ni nini?

Kitabu kinashauri kujaribu kwanza mahali pasipo na hatari. Gari la Baba sasa lina kazi, siwezi kulichezea. Lakini Jirani ametutendea wema ambao hatujaulipa, na lile jeupe lina mkwaruzo mrefu kwenye buti unaomwudhi tangu mwaka jana.

Kesho Jirani atapumzika mchana, na seremala huenda sokoni. Sitamwambia mtu yeyote. Shukrani ikitangazwa inakuwa majivuno.